Staa, Subaru na "uchawi wa Kibiti": kumbe ni koki ya mkono tu!

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina linakaa pembeni, wanaomjua wameshamjua. Nyimbo mbili ndiyo zimembeba, na Subaru Forester ya turbo yenye ekzosi ya kuamsha watoto wachanga kuanzia Sinza hadi Mbagala. Wikiendi moja akaunga msafara wa ndinga nne, safari ya Kilwa kula bata. Kilwa hakufika. Chuma kilitoa moshi mzito, kikaanza kugonga kama mtu anatwanga kisamvu kwenye sufuria, kikazima kabla hata Kibiti mjini hakujaonekana. Jamaa akashuka, akawasha laivu, akaanza kulia lia kwamba kuna watu hawampendi.

Mashabiki wakamalizia wenyewe. Pwani hiyo, Kibiti hiyo, Rufiji hiyo, umepita kwa mbwembwe bila salamu kwa wazee, ulitegemea nini? Komenti zikafika kwa waganga, majini, mpaka mikoko ya delta ikaingizwa kwenye kesi. Siku chache baadaye staa akaachia ngoma mpya yenye mistari ya husuda. Kiki imekamilika, na watu wa Kibiti wamebaki na jina baya kwa mara nyingine bila kufanya lolote zaidi ya kusaidia kusukuma gari pembeni ya barabara.

Kitu kimoja hakikuulizwa kwenye laivu nzima: chini ya boneti kulikuwa na nini?

Kulikuwa na koki. Kamrija ka chuma kenye skrubu juu, goroli na springi ndani, kamefungwa katikati ya hosi ya turbo. Wazungu wa magari wanakaita busti kontrola ya mkono. (Hii busti sio ile ya kubusti betri asubuhi gari likigoma. Hapa ni presha ya turbo.) Staa mwenyewe alishaianika wiki kadhaa kabla, kwenye video na fundi wake maarufu wa mtandaoni, wanacheka, fundi anazungusha skrubu kwa vidole na kusema gari sasa limefunguka. Ile video ndiyo ushahidi. Mganga hahitajiki.

Wengi wanaoshabikia hivi vitu hawajawahi kuelezwa vinafanyaje kazi, na mafundi wa kiki wanapenda ibaki hivyo. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka injini. Ikizunguka inasukuma hewa nyingi ndani, hewa nyingi inataka mafuta mengi, moto unakuwa mkubwa, gari linaruka. Ikiachwa yenyewe ingezunguka na kujaza hewa mpaka kitu kipasuke. Kwa hiyo wajapani wakaweka mlango mdogo kwenye njia ya moshi, westigeti, wenye kikopo na springi. Presha ikifika kiwango, hosi inapeleka taarifa kwenye kikopo, mlango unafunguka, moshi unapita pembeni, turbo inapunguza.

Koki ya mkono kazi yake ni kusema uongo kwenye ile hosi. Inaizuia taarifa. Kikopo kinadhani presha bado ndogo, mlango unabaki umefungwa, presha inapanda. Ukikaza skrubu uongo unaongezeka. Basi, hakuna kingine mle ndani.

Kontrola ya umeme nayo inasema uongo uleule, tofauti ni kwamba inaufanyia mahesabu. Ina valvu ya solenoidi inayofunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde, na nyuma yake kuna kompyuta inayojua injini inazunguka kwa kasi gani, presha imefika wapi, na kama imeambiwa mwisho ni namba fulani, ikipitiliza inaachia. Zipo za kununua pembeni, za HKS, GReddy, Blitz, Turbosmart, zenye kiskrini cha kuweka kwenye dashibodi.

Sasa ubishi wa mjini ndio huu: mkono au umeme? Na umegeuzwa kuwa ubishi wa Simba na Yanga. Wa mkono wanasema ya umeme ni mambo ya mashombeshombe wenye hela. Wa umeme wanasema ya mkono ni ya wapiga debe. Katikati yao kuna kijana wa Tandika aliyedunduliza kwa bodaboda miaka minne akanunua Forester iliyotoka Japani, na anaingia gereji akiwa ameshajazwa sumu na video ya sekunde thelathini.

Huyo kijana hajaambiwa jambo la kwanza kabisa. Forester yake TAYARI ina kontrola ya umeme. Imetoka nayo kiwandani. Ile solenoidi ndogo yenye waya mbili na hosi, ambayo fundi anaing'oa na kuitupa kwenye boksi la spea akisema ni takataka za mazingira, ndiyo kontrola yenyewe. Kompyuta ya gari inaiendesha. Kwa hiyo anayelipia koki ya mkono kwenye Subaru ya turbo hanunui kitu cha ziada. Ameng'oa mfumo wa umeme uliotengenezwa kwa ajili ya injini ile ile, akalipia kuwekewa bomba lenye goroli. Kapigwa, na kapigwa huku anarekodiwa akitabasamu.

Mbaya zaidi ni kile kinachopotea pamoja na ile solenoidi. Kwenye injini ya Subaru kuna sensa inayosikiliza mlio wa kugonga, yaani mafuta yanapojiwakia yenyewe kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni. Kompyuta ikisikia hivyo inachelewesha moto wa plagi, na hali ikiwa mbaya inashusha na presha ya turbo kupitia solenoidi yake. Inaokoa injini bila dereva kujua. Ukiweka koki, kompyuta inabaki na mkono mmoja. Moto itauchelewesha, lakini presha haina tena pa kuishikia. Inasikia injini inakufa na haina la kufanya. Kilichobaki ni kinga ya mwisho, kukata mafuta presha ikipitiliza kabisa, ule mshtuko ambao dereva anahisi gari limegonga ukuta. Na mafundi wengine hata huo wanautafutia dawa, wanaipumbaza sensa ili isikate! Halafu unasikia habari za majini.

Turudi barabarani, kwa sababu hapa ndipo Kibiti inapoingia kihalali.

Fundi wa kiki anapimaje kazi yake? Anatoka na gari kwenye mtaa wa gereji, Temeke huko au Kinondoni, mtaa wenye matuta, mama ntilie na bajaji. Anakanyaga gia ya kwanza, anaingiza ya pili, anasikia mluzi, anafunga breki. Tayari, limekaa sawa. Kipimo chake ni sikio, na wengine hata geji ya presha hawajaifunga kwenye gari.

Kwenye gia ya pili injini inapanda haraka, haina mzigo mkubwa, turbo haijapata muda wa kujaza mpaka mwisho. Ile namba ya mtaani sio namba ya kweli. Sasa mpe mtu gari hilohilo ashuke nalo Kilwa Road. Foleni ya Rangi Tatu inalichemsha kwanza, na intakula ya Forester iko juu ya injini, kwa hiyo inakaa pale ikichomwa na joto la chini kama chapati. Kongowe, Vikindu, Mkuranga. Baada ya hapo barabara inaanza kufunguka, vipande virefu vilivyonyooka, mikorosho kulia, minazi kushoto. Staa anaingiza gia ya nne na kukanyaga mpaka kwenye kapeti.

Gia ya nne ina mzigo. Injini inapanda polepole, moshi ni mwingi na wa moto, turbo ina sekunde za kutosha kujaza. Koki haijui gia. Haina ubongo, ni goroli na springi. Presha inapita ile ya mtaani na kuendelea, na haikai pale kwa sekunde mbili bali kwa kilomita. Kiwandani Forester hii ya lita 2 ilipangiwa presha isiyofika baa 1 na nguvu za farasi 220 hivi, zinazotosha kabisa kumuua mtu. Pistoni zake ni za kumimina, na kuta ndogo zinazoshika ringi ndizo za kwanza kukatika injini ikigonga. Ikikatika moja, mgandamizo unavuja, oili inaungua, moshi unatoka. Ikiendelea kukanyagwa, mengine yanafuata.

Kwa hiyo swali la kwa nini injini hufia njia ya Kibiti lina jibu la kawaida sana. Ni mara ya kwanza tangu gari lifungwe koki linapata barabara ndefu. Mjini halikuwahi kupata nafasi ya kufa.

Na mafuta? Hapo napo pana vichekesho. Injini nyingi za turbo za soko la ndani la Japani zilipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kule huwa karibu na oktani 100. Oktani kwa lugha nyepesi ni uvumilivu wa petroli, isiwake kabla ya kuambiwa. Sasa nenda kituo chochote kati ya Mbagala na Ikwiriri utafute pampu iliyoandikwa 100. Tena nchi hii watu walichanganya petroli na mafuta ya taa mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba mwaka 2010, na neno uchakachuaji likaingia kwenye kila mazungumzo. Ukijaza kwenye dumu kijijini kwa sababu taa ya tangi imewaka, humlaumu muuzaji. Yeye anauzia bodaboda na boti, hakuuzia mtu mwenye koki. Presha ya ziada kwenye petroli yenye uvumilivu mdogo ndiyo mapishi ya kugonga. Kontrola ya umeme iliyosetiwa vizuri inaweza kuwa na mpango wa pili wa presha ya chini kwa siku za mafuta ya wasiwasi, ukabonyeza tu. Koki? Ushuke, ufungue boneti, uungue vidole, ulegeze skrubu kwa kubahatisha. Hakuna staa atakayefanya hivyo akiwa amevaa nyeupe.

Haki yao watu wa mkono nayo isemwe, maana wapo wanaojua wanachofanya. Koki nzuri ya goroli ni kitu cha kuaminika. Haina waya wa kuliwa na panya wala chipu ya kuungua. Inazuia hewa isivujie kwenye kikopo mapema, kwa hiyo turbo inaamka haraka, na dereva anaihisi kabisa. Kwa magari ya turbo ya zamani ambayo kompyuta yake haikuwahi kudhibiti presha, koki ni jibu la heshima. Kuna mafundi watu wazima, hawana hata akaunti ya Instagram, wanaifunga hivi: geji kwanza, kisha kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, halafu wanaikaza robo kwa robo, wanapima gia ya tatu na ya nne sehemu salama, wakifika wanapotaka wanafunga nati ya kukazia na kuipaka rangi ili wajue ikiguswa. Huyo hana ugomvi na mtu hapa. Ila angalia orodha ya alivyotumia kabla ya kugusa ile skrubu. Ukivijumlisha, urahisi wa bei ya mkono umeshaisha, na ndio maana mafundi wa kiki wanaviruka vyote na kukuuzia skrubu peke yake.

Ile hoja kwamba ya mkono haina cha kuharibika nayo inapigiwa debe sana. Ina hosi. Hosi za mpira, joto la injini, klipu za kuunga unga, halafu barabara ya vumbi inayotikisa kila kitu. Hosi ya kikopo ikichomoka, mlango haupati taarifa kabisa, presha inapanda bila mwenyewe. Hilo linaweza kumpata hata mwenye kontrola ya umeme, ni kweli. Ila yake ikiwa bado inaongea na kompyuta ya gari, kuna mtu wa pili wa kushtuka. Na solenoidi ya kiwandani ikifa umeme, Subaru inarudi kwenye presha ndogo ya springi. Gari linakuwa zito, taa ya injini inawaka, unafika nyumbani unanung'unika. Kunung'unika ni nafuu kuliko kushusha injini.

Upande wa pili nao wasishangilie, maana wana lao.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, sauti nzito, maneno mengi, ambaye mwaka mzima amekuwa akiwacheka watu wa koki. Yeye ana kontrola ya umeme ya Kijapani, kiskrini cha buluu juu ya dashibodi, kila stori ya usiku lazima kionekane. Gereji moja ilipolifungua gari lake kwa shida nyingine kabisa, ikakuta waya ya taa imeungwa, kiskrini kinawaka vizuri, lakini hosi hazijaungwa popote. Zimefungwa kwa tai ya plastiki nyuma ya redio. Miezi yote ile amekuwa akiendesha presha ya kiwandani na kutuhubiria teknolojia! Kwa bahati mbaya kwake, yeye ndiye mwenye injini nzima mpaka leo.

Na wapo walioiunga kweli lakini wakaiacha na mahesabu ya gari la mtu mwingine. Kontrola ya umeme haizaliwi ikijua injini yako. Inafundishwa, na mtu mwenye geji, kompyuta ya kusoma gari na subira. Usipoifundisha inakuwa koki ya bei mbaya yenye taa.

Kwa hiyo jibu kwa kijana wa Tandika, na lisemwe bila kuzungukazunguka: kwenye Subaru ya turbo yenye kompyuta yake, umeme, na umeme wa kwanza ni ule uliotoka nao kiwandani. Unataka nguvu zaidi, mlipe mtu anayejua kuipanga upya ile kompyuta ili presha, mafuta na moto vipande pamoja. Anza na geji. Huna hela ya hayo, liache gari lilivyo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuwa na farasi 220.

Watu wa delta wanalijua hili bila video. Pale Nyamisati, wanapopandia abiria wa Mafia, au ndani zaidi kwenye vijito vya mikoko kuelekea Mbwera, nahodha wa boti ya mashine haichezei mashine yake ili ipige kelele. Mashine ikizimika mdomoni mwa Rufiji maji yanapotoka, unakwenda bahari kuu na abiria wako, na huko hakuna brekidauni. Anasikiliza mlio, anaangalia maji ya kupoozea yanavyotoka, anabeba plagi za akiba. Anaheshimu kile mashine ilichotengenezewa kwa sababu gharama ya kukosea inamkuta yeye mwenyewe palepale.

Na Rufiji ina historia ya kuwapokea wenye mashine mbovu. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipata hitilafu ikakimbilia kujificha kwenye delta hiyohiyo. Vipuri vyake vilibebwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa kwa njia hiyohiyo, mabega ya Waafrika yakifanya kazi. Vikapona, lakini Waingereza walikuwa wameshaziba midomo ya mto, na Julai 1915 meli ikaishia humohumo. Kwa hiyo staa asijione wa kwanza kukwama Rufiji na injini yake kupelekwa Dar juu ya kitu kingine. Wenzake angalau walikuwa vitani.

Sasa pembeni ya masihara. Ile barabara sio uwanja wa mbio, na hili ndilo linalofanya koki isiwe jambo la mtu na pochi lake tu. Kutoka Dar mpaka Kibiti ni kilomita 130 na ushee, na sehemu kubwa yake ni vijiji. Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti yenyewe, mbele Ikwiriri kabla ya Daraja la Mkapa. Watoto wa shule wanavuka na madaftari kichwani, mama amepanga mananasi na korosho hatua mbili kutoka lami, bodaboda imebeba mkaa inaingia bila kuangalia. Kwenye makazi mwendo ni 50. Trafiki wenye tochi wapo, faini ni shilingi 30,000, na kwa mtu wa kula bata elfu thelathini ni hela ya soda, ndiyo maana hawashtuki. Aprili 2024 mafuriko yalivamia mashamba na nyumba za Kibiti na Rufiji, Mei kimbunga Hidaya kikaja juu yake, barabara ya kwenda Lindi ikakatika kule Somanga na watu wakalala njiani. Hiyo ndiyo barabara pekee ya lami ya wale watu kufika Dar, iwe kwa mgonjwa, mzigo au msiba. Halafu anakuja mtu na presha iliyopimwa kwa sikio, mwendo wa 160, matairi ya mtumba na breki za kiwandani, anaigeuza studio.

Maana hao waliomfunga staa koki hawakumwambia chochote kuhusu breki. Hakuna video ya breki, hazina mluzi. Wala bima haikutajwa, na kampuni ya bima ikikuta injini imechezewa bila kuambiwa, usitegemee watakukimbilia na hundi.

Fundi maarufu wa mtandaoni naye, yule wa vidole kwenye skrubu, mpaka leo hajasema neno kuhusu Forester ile. Ameifuta video. Wiki iliyofuata alikuwa na mteja mwingine, mchekeshaji mmoja anayechipukia, skrubu ileile, kicheko kilekile. Hakuna hata mmoja kati ya wanaomshangilia aliyemwuliza geji iko wapi.

Lakini kuna kundi ambalo halijui lolote kuhusu ubishi huu na ndilo litakalolipa bili. Haya magari hayakai kwa mastaa. Injini ikipatiwa mbadala ya mtumba kutoka Gerezani, au ikizibwa zibwa ikashika, gari linaoshwa, geji inatolewa ikauzwe peke yake, tangazo linapandishwa: Forester ya turbo, mwenyewe anasafiri. Anainunua mwalimu wa Ikwiriri au nesi wa Kibiti aliyechukua mkopo wa benki, anayetaka tu gari la juu kidogo la kupita kwenye matope kipindi cha masika. Koki imebaki ndani. Hakuna aliyemwambia, na siku akiwa na haraka ya kumpeleka mgonjwa Muhimbili atakanyaga, kwa sababu hiyo ndiyo mara moja kwa mwaka anayokanyaga.

Mwenye kununua afungue boneti kabla ya kuzungumza bei. Atafute turbo, upande wa kulia nyuma kwenye hizi Forester, aifuate hosi nyembamba inayotoka pale kwenda kwenye kikopo cha westigeti. Inatakiwa iunganike na solenoidi yenye soketi ya waya. Akikuta katikati kuna kipande cha chuma kinachong'aa chenye skrubu au kifundo cha kuzungusha, au soketi ya solenoidi inaning'inia bila kitu, hiyo ndiyo yenyewe. Aombe mgandamizo upimwe silinda zote nne, mbele yake. Muuzaji akisema aah kaka, hiyo ni ya kuongeza nguvu tu, kiasi cha kufungua injini nzima kitoke kwenye bei hapohapo, au funguo zirudi mezani.